Uzito wa Mengineyo

Nilifika Oasterwier na jedwali langu,
safu tisa, mistari minne,
ndani ya bahasha isiyopenya maji.
Nchi ya Wafrisia ni bapa kama kiganja:
bahari iko juu, watu wako chini,
katikati pana tuta la udongo
na ahadi ya serikali.

Mji uhamie mahali pa juu, ndivyo ilivyoamuliwa.
Pa juu wapi? Huko mita tano huitwa mlima,
na ng'ombe akiupanda huonekana na wilaya nzima.
Nikapima maeneo manne.
Kimo nikakipa uzito wa theluthi.
Gharama, robo.
Umbali wa shule, wa hospitali, uimara wa udongo,
kila kitu na fungu lake, kama mirathi.
Jumla ikatoka: eneo la tatu, sabini na nane kwa mia.

Sikulipenda eneo la tatu.
Sijui kwa nini. Lilikuwa na matete. Lilikuwa na ukimya.
Nikarudi kwenye uzito wa gharama,
nikaupunguza kidogo, kwa sababu nzuri,
nikauongeza wa kimo, kwa sababu nzuri zaidi,
na kulipokucha likashinda la kwanza,
nami nikashangaa kwa dhati
jinsi hesabu ilivyokubaliana nami.

Mkutanoni alisimama Sjoukje Wiarda, fundi baiskeli,
grisi bado kwenye kucha.
Hahami, akasema.
"Dirishani kwangu namwona kila anayekuja
dakika kumi kabla hajafika.
Nawahi kuinjika maji ya kahawa.
Hilo umeliweka safu gani?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Kisha nikaandika, chini kabisa, Mengineyo,
nikayapa mbili kwa mia.

Tulichimba kilima cha kale, penye kanisa,
tujue kimesimama juu ya nini.
Wybren, kijana wa koleo, akawa anayataja matabaka:
samadi, udongo, majivu,
samadi, makombe ya kome, udongo,
kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto,
mfupa wa farasi uliochongwa wa kutelezea barafuni,
samadi tena.
Miaka elfu, na hakuna aliyeitisha kikao.
Mtu alisafisha zizi, akatupa mlangoni.
Mwanawe akasafisha, akatupa palepale.
Maji yalipokuja, mwenye taka nyingi
ndiye aliyelala pakavu.

Nilisimama shimoni, tope hadi magotini,
nikitafuta neno la kuwaandikia wakubwa.
Si kwamba wale walikuwa na hekima.
Wengi walizama; kilima hakiwajui,
waliobaki tu ndio walioacha taka.
Kosa hilo la hesabu nalijua, lina jina, nalifundisha.
Hata hivyo kile kiatu nilikishika muda mrefu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Mimi nimeyafika, kwa boya, kwa kamba, kwa setilaiti,
wingi wake naujua hadi sentimita,
na bado sijui la kufanya.

Mji ulijengwa eneo la kwanza. Unapendeza.
Upepo wa huko hauna adabu;
sikuwa na safu ya upepo.
Watu hufunga milango kwa kamba,
na jioni hushuka kwa baiskeli, bila shughuli maalumu,
hadi kwa Sjoukje,
ambako kahawa imekwisha kuchemka.

Na mimi? Nyumba yangu iko mita mbili na robo
chini ya usawa wa bahari.
Tarakimu ni yangu, nilipima mwenyewe, mara mbili.
Mwezi wa tatu mwaka huu nilipanda mitufaha sita uani.
Muuzaji alinionya: miaka saba ndipo izae.
Nikamwambia haidhuru,
siendi popote.